Riwaya za senti 25 zilizonyimwa mwisho mwema

MSOMAJI wa Marekani wa miaka ya 1950 hakulazimika kuingia katika duka la vitabu ili ajipatie riwaya. Aghalabu mji wake haukuwa na duka la aina hiyo. Riwaya zilimngoja kwenye rafu za chuma zenye kuzunguka, ndani ya maduka ya dawa, vituo vya mabasi na stesheni za garimoshi, kando ya sigara, magazeti na peremende. Zilikuwa nyepesi, zenye jalada la karatasi, ziliweza kutoshea katika mfuko wa koti, na bei yake ilikuwa senti 25.

Baina ya hadithi za wapelelezi, za wauaji na za wachunga ng'ombe wenye bastola, kulizuka kuanzia mwaka 1950 fungu jingine ambalo wachapishaji wenyewe hawakulitarajia: riwaya kuhusu wanawake wanaowapenda wanawake wenzao. Zilichapishwa kwa mamia, zikauzwa kwa mamilioni, zikalaaniwa bungeni, kisha zikasahaulika. Leo hii baadhi yake hufundishwa katika vyuo vikuu, na nakala kuukuu husakwa na wakusanyaji kwa bei ambayo ingewaduwaza waliozichapisha.

Namna riwaya hizo pendwa zilivyozuka ina uhusiano mkubwa zaidi na mikataba ya biashara kuliko na fasihi.

Mwanya

Vitabu vya jalada jepesi vilianza kuuzwa kwa wingi nchini Marekani mwaka 1939, pale kampuni ya Pocket Books ilipotoa matoleo yake ya kwanza ya senti 25. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaikuza hamu hiyo. Kati ya 1943 na 1947, wanajeshi wa Marekani waligawiwa bure nakala zipatazo milioni 122 za vitabu vidogo vilivyochapishwa mahsusi kwa ajili yao. Vijana wengi walirejea makwao wakiwa wamezoea kukitia kitabu mfukoni, kukisoma njiani na kumwachia mwenzao.

Hadi wakati huo, jalada jepesi lilikuwa kituo cha pili cha kitabu. Riwaya ilitoka kwanza kwa jalada gumu, ikahakikiwa magazetini, na baadaye ndipo ikachapishwa upya kwa bei nafuu. Kampuni ya Fawcett, iliyokuwa imetajirika kwa magazeti na majarida, ilitamani kuingia katika biashara hiyo lakini ilikuwa imefungwa mikono. Ilisambaza vitabu vya kampuni nyingine, New American Library, na mkataba wao uliikataza kuchapisha upya vitabu vilivyokwisha kutoka kwingine. Hata hivyo, mkataba huo haukusema lolote kuhusu vitabu vipya. Fawcett ikapenya katika mwanya huo na kuanzisha mkondo wa vitabu ulioitwa Gold Medal Books, ambao ulitoa miswada ambayo haikuwa imepata kuchapishwa popote.

Waandishi walilipwa kwa kadiri ya nakala zilizopigwa chapa, si zilizouzwa, na hilo liliwavutia wengi. Wahakiki wa magazeti makubwa hawakuvitupia jicho vitabu hivyo. Na mahali ambapo mhakiki hatazami, mengi yanaweza kuandikwa.

Kambi ya London

Kitabu kilichofungua mlango kiliandikwa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kuufungua. Tereska Torrès alizaliwa jijini Paris mwaka 1920. Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani mwaka 1940, alitoroka, akafika London, akajiunga na majeshi ya Ufaransa Huru ya Jenerali Charles de Gaulle. Mumewe wa kwanza aliuawa vitani mwaka 1944 na kumwacha na mimba. Katika miaka yote hiyo aliandika shajara. Mumewe wa pili, mwandishi Mmarekani Meyer Levin, ndiye aliyemhimiza aitumie shajara hiyo kuandika riwaya, na ndiye aliyeitafsiri kwa Kiingereza. Gold Medal ikaichapisha mwaka 1950 kwa jina Women's Barracks.

Riwaya hiyo inasimulia maisha ya wanawake wanajeshi wa Kifaransa mjini London: mabomu ya usiku, upweke, uhusiano na wanaume waliokuwa na wake zao, na, katika baadhi ya kurasa, mapenzi baina ya wanawake wenyewe kwa wenyewe. Kurasa hizo zilitosha. Mchapishaji alitaka msimulizi awe akikemea kila baada ya tukio la aina hiyo, na kemeo likatiwa. Jalada nalo, lililochorwa na Barye Phillips, liliwaonyesha wanawake wakiwa nusu uchi katika chumba cha kubadilishia nguo, huku mwenzao aliyevaa sare akiwatazama. Kwa maneno mengine, ndani mlikuwa na mahubiri, nje kulikuwa na mwaliko.

Kitabu hicho kinakadiriwa kuuza zaidi ya nakala milioni 2 katika miaka yake mitano ya kwanza. Torrès, aliyefariki mwaka 2012, aliishi miongo mingi akishangaa kuitwa mwasisi wa aina ya fasihi ambayo hakuikusudia. Kwake yeye, alikuwa ameandika kitabu kuhusu vita.

Mwaka 1952, Bunge la Wawakilishi la Marekani liliunda kamati maalumu ya kuchunguza maandishi ya ponografia, chini ya uenyekiti wa Ezekiel Gathings, mbunge wa jimbo la Arkansas. Kamati hiyo ilivikagua vitabu vya jalada jepesi, majarida na vitabu vya katuni, na ikakitaja Women's Barracks kuwa mfano wa uozo wa maadili. Matokeo yake yalikuwa sawa na kuwakataza watoto wasifunue chungu. Kila aliyesikia habari za kitabu hicho alitaka kukiona.

Posta na mwisho wa hadithi

Mhariri wa Gold Medal, Dick Carroll, alikuwa ameyatazama mauzo hayo na kutambua kwamba msomaji alitaka kingine cha aina hiyo. Ofisini humo humo alifanya kazi msichana aliyemaliza chuo kikuu karibuni, Marijane Meaker, mzaliwa wa 1927. Carroll alimuuliza angependa kuandika kuhusu nini. Meaker akasimulia habari za mapenzi aliyoyajua katika shule ya bweni. Mhariri akaipenda hadithi, ila akaagiza wahusika waongezewe umri na kupelekwa chuoni, katika jumuiya ya wasichana wanaoishi nyumba moja. Kisha akatoa sharti la pili, ambalo ndilo lililoamua sura ya riwaya hizo kwa muda wa muongo mzima: hadithi isiishe vyema.

Sababu haikuwa dini wala dhamiri ya mhariri. Ilikuwa posta. Tangu mwaka 1873, sheria iliyojulikana kama Sheria ya Comstock ilikataza kutuma kwa posta maandishi yaliyohesabiwa kuwa machafu. Kama Meaker alivyokuja kueleza baadaye, wachapishaji walihofu kwamba kitabu kimoja kikikataliwa, shehena nzima iliyokuwa nacho ingerudishwa. Mapenzi ya wanawake wawili yangeweza kuelezwa alimradi mwishoni yaonekane kuwa ni maradhi au makosa. Mmoja wa wahusika ilibidi agundue kwamba hakuwa wa namna hiyo kamwe. Mwingine ilibidi apatwe na ugonjwa au wazimu.

Meaker alitii. Riwaya yake, Spring Fire, ilitoka mwaka 1952 kwa lakabu ya Vin Packer. Hata jina la kitabu lilikuwa la ujanja: mchapishaji alitumaini kwamba wanunuzi wangekichanganya na The Fires of Spring, riwaya ya James Michener, mwandishi mashuhuri wa siku hizo. Mitch, msichana mgeni chuoni, anampenda Leda, mwenzake wa chumba kimoja. Mapenzi yao yanafichuliwa. Leda anapata ajali, anarukwa na akili, na Mitch, katika mistari ya mwisho, anatambua kwamba hakuwahi kumpenda. Nakala karibu milioni 1.5 ziliuzwa.

Barua kutoka kwa wasomaji zilimiminika. Jambo lililowashtua Meaker na mhariri wake ni kwamba nyingi zilitoka kwa wanawake. Kitabu kilikuwa kimetengenezwa kwa macho ya wanaume, kumbe kulikuwa na kundi jingine la wasomaji ambalo hakuna aliyekuwa amelihesabu. Mwisho wa hadithi ulikuwa umewahukumu, lakini kurasa mia mbili za kabla ya hapo ziliwaeleza kwa mara ya kwanza kwamba hawakuwa peke yao duniani.

Watazamaji wa filamu nchini Kenya wana sababu ya kulielewa sharti hilo. Mwaka 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku filamu Rafiki, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili jijini Nairobi, siku chache kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Mwelekezi wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba alikuwa ametakiwa kuubadilisha mwisho kwa kuwa ulionekana kuwa na matumaini kupita kiasi. Hakuubadilisha. Mahakama Kuu iliruhusu filamu hiyo ionyeshwe kwa siku saba mwezi Septemba mwaka huo, na kumbi zikajaa. Miaka 66 ilikuwa imepita tangu Meaker apewe masharti yake, katika nchi nyingine na chini ya sheria nyingine, lakini hoja ilikuwa ile ile: kosa si kulisema jambo, kosa ni kulisema bila kuliadhibu.

Mwanamke wa koti la manyoya

Mwaka huo huo wa 1952, riwaya nyingine ilikwepa sharti hilo kwa njia ya jalada gumu. Patricia Highsmith, mzaliwa wa Texas, alikuwa akifanya kazi ya muda ya kuuza vikaragosi katika duka la Bloomingdale's jijini New York wakati wa Krismasi ya 1948. Mwanamke aliyevaa koti la manyoya alikuja, akanunua kikaragosi, akaacha anwani, akaenda zake. Highsmith alirudi nyumbani jioni hiyo akaandika muhtasari wa hadithi nzima kwa muda wa saa mbili hivi. Baada ya hapo akalazwa kitandani na tetekuwanga.

Kampuni iliyokuwa imechapisha riwaya yake ya kwanza, Strangers on a Train, iliukataa mswada huo. Ukachukuliwa na kampuni ya Coward-McCann na kutolewa kwa jina The Price of Salt, huku mwandishi akijificha nyuma ya lakabu ya Claire Morgan. Toleo la jalada jepesi la mwaka 1953 likauza nakala zinazokaribia milioni moja. Ndani yake hakuna ajali wala wazimu. Carol, mke anayetalikiana na mumewe, analipa gharama kubwa, kwani anampoteza mtoto wake kwa baba. Lakini yeye na Therese, msichana wa dukani, wanaachwa ukurasa wa mwisho wakiwa na uwezekano wa kuishi pamoja. Highsmith hakukubali jina lake halisi lichapishwe kwenye riwaya hiyo hadi ilipotolewa upya karibu miaka 40 baadaye kwa jina Carol. Alifariki mwaka 1995. Filamu iliyotokana na kitabu hicho, iliyochezwa na Cate Blanchett na Rooney Mara, ilitoka mwaka 2015.

Mama wa nyumbani

Ikiwa kuna mwandishi mmoja ambaye maisha yake yanaeleza jambo hili lote, basi ni yule aliyejiita Ann Bannon. Jina lake ni Ann Weldy, na alizaliwa Illinois mwaka 1932. Alipokuwa na miaka 22 alikuwa amekwisha kuolewa na mhandisi na kuhamia viunga vya Philadelphia, akiwa mke wa kawaida wa enzi yake. Alikuwa ameisoma Spring Fire. Akamwandikia barua Vin Packer, akijieleza na kuomba ushauri. Meaker akajibu na kumwalika New York, akampeleka kwa Dick Carroll.

Mswada alioubeba ulikuwa mrefu na mzito, kuhusu maisha ya wasichana wa chuo kwa jumla. Carroll aliusoma na kutoa uamuzi ambao mhariri yeyote angejivunia: arudi nyumbani, aukate kwa nusu, na aandike hadithi ya wale wasichana wawili waliokuwa wamefichwa pembeni. Bannon akafanya hivyo. Odd Girl Out ikatoka mwaka 1957 na kuwa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa zaidi na Gold Medal mwaka huo. Beth anaolewa, kama posta ilivyopenda. Lakini Laura hafi wala harukwi na akili. Anapanda garimoshi na kuondoka, akijijua alivyo. Kwa wasomaji wa wakati huo, garimoshi hilo lilikuwa jambo kubwa.

Zikafuata riwaya nyingine hadi 1962, I Am a Woman na Women in the Shadows za 1959, Journey to a Woman ya 1960, na Beebo Brinker, zikiwafuatilia wahusika wale wale katika mtaa wa Greenwich Village, New York. Beebo ni mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana, aliyekubali kazi ya kuendesha lifti kwa sababu ndiyo kazi ambayo ingemruhusu kuvaa suruali mchana kutwa. Bannon aliujua mtaa huo kwa safari chache fupi tu. Baada ya kila safari alirudi kwa mumewe na watoto wake, akaketi kwenye taipureta, akaandika kuhusu mji ambamo asingeweza kuishi. Wanawake waliokuwa vijijini walisoma na kudhani kwamba mwandishi alikuwa akiishi maisha yale. Wengine walifunga mizigo yao na kwenda Greenwich Village kuyatafuta.

Baada ya 1962 akaacha kuandika riwaya. Alisoma hadi akapata shahada ya uzamifu katika isimu kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, akawa mhadhiri na kisha kiongozi wa kitivo katika chuo kikuu cha serikali mjini Sacramento, California. Kwa miaka mingi hakuzungumza hadharani kuhusu vitabu vyake. Ndoa yake ilivunjika baada ya miaka 27.

Hatari ya kununua

Ni rahisi leo kusahau kilichokuwa hatarini. Mwezi Aprili 1953, Rais Dwight Eisenhower alitia saini Amri ya Rais nambari 10450, iliyotumiwa kuwafuta kazi serikalini watu walioshukiwa kuwa na uhusiano wa jinsia moja. Maelfu walipoteza ajira. Polisi walivamia baa, na magazeti ya miji mingine yalichapisha majina ya waliokamatwa. Chama cha madaktari wa maradhi ya akili cha Marekani kiliuorodhesha uhusiano huo kama ugonjwa katika mwongozo wake wa 1952, na hakikuuondoa hadi 1973. Mwalimu, muuguzi au karani aliyejulikana angeweza kuondolewa kazini kesho yake. Mama angeweza kunyang'anywa watoto na mahakama.

Mwandishi Katherine Forrest ameeleza jinsi alivyoikuta Odd Girl Out katika duka moja mjini Detroit mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 18. Haja ya kukipata kitabu kile ilizidi hofu yake ya kukipeleka kwa mwenye duka. Wanawake wengine wamesimulia kwamba walichanganya kitabu kimoja cha aina hiyo na vitatu vinne vya aina nyingine, wakalipa bila kuinua macho. Nyumbani kilifichwa chini ya godoro. Kilipomalizwa kilichomwa, au kilitupwa mtaa wa mbali, au kilimpitia rafiki mmoja wa kuaminika. Ndiyo sababu mojawapo ya nakala nzima kuwa adimu sasa. Joan Nestle, mmoja wa waliounda Hifadhi ya Historia ya Wasagaji mjini New York mwaka 1974, ameviita vitabu hivyo fasihi ya kuwasaidia watu wabaki hai, na katika hifadhi hiyo vimewekwa rafuni kwa jina hilo.

Majalada nayo yalifanya kazi ambayo hayakukusudiwa. Yalichorwa ili kumnasa mwanamume aliyesimama kituoni akingoja basi: mwanamke mweupe mwenye nywele za dhahabu na mwenzake mwenye nywele nyeusi, mmoja ameketi kitandani, mwingine amesimama, na maandishi yenye maneno kama ajabu, giza, kivuli na upotovu. Waandishi hawakuulizwa. Bannon amesema mara nyingi kwamba aliaibika kuyaona. Lakini kwa sababu majalada yote yalifuata mtindo mmoja, yakawa alama ya njia. Mwanamke aliyetafuta kitabu hicho alikitambua akiwa mita tano kutoka kwenye rafu.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya riwaya hizo iliandikwa na wanaume kwa ajili ya wanaume, nyingi zikiwa takataka. Lawrence Block, aliyekuja kuwa bingwa wa riwaya za upelelezi, alianza ujanani kwa kuandika riwaya za aina hii kwa majina ya kike, ikiwamo Strange Are the Ways of Love ya 1959. Mtafiti Yvonne Keller amewahesabu waandishi wapatao 15 tu walioandika kwa moyo wa kuwaelewa wanawake hao. Miongoni mwao ni Valerie Taylor wa Chicago, aliyeandika The Girls in 3-B mwaka 1959, Paula Christian na Artemis Smith. Wasomaji walipaswa kujitafutia punje katika makapi.

Kazi hiyo ya kupepeta ilifanywa kwa bidii na Barbara Grier. Mwaka 1955, wanawake wanane mjini San Francisco walikuwa wameunda chama kilichoitwa Daughters of Bilitis, na mwaka uliofuata wakaanza kuchapisha jarida dogo, The Ladder, lililotumwa kwa posta katika bahasha zisizo na maandishi ya kulitambulisha. Grier aliandika humo safu ya kuchambua vitabu kwa lakabu ya Gene Damon, akiwaambia wasomaji kipi kinafaa senti zao na kipi ni cha kutupa. Jarida hilo halikukubaliana na kila mtu. Meaker, kwa lakabu yake nyingine ya Ann Aldrich, alikuwa akitoa vitabu visivyo vya kubuni kuhusu maisha ya wanawake hao mjini New York, na The Ladder ilimshutumu kwa kuwachora kama watu waliokata tamaa. Aldrich naye hakusita kulikejeli jarida hilo katika kitabu kilichofuata. Wengi wa waliozisoma pande zote mbili hawakujua kwamba Aldrich na Vin Packer walikuwa mtu mmoja.

Kuna kasoro moja ambayo hata mashabiki wa riwaya hizo hawawezi kuifumbia macho. Ulimwengu wake ni wa Wazungu karibu mtupu. Katika Women in the Shadows, Bannon alimwingiza Tris, mwanamke mweusi anayejifanya mcheza ngoma kutoka India, lakini wahusika wa namna hiyo ni wa kuhesabika. Si kwamba wanawake weusi hawakuwa wakisoma. Mwaka 1957, The Ladder ilipokea barua zilizotiwa saini kwa herufi za kwanza tu za jina, na sasa inajulikana kwamba mwandishi wake alikuwa Lorraine Hansberry, ambaye miaka miwili baadaye tamthilia yake, A Raisin in the Sun, ilimfanya kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuandika mchezo ulioonyeshwa Broadway.

Kuzimika na kurudi

Mahakama ndizo zilizoondoa hofu ya posta. Mwezi Januari 1958, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha uamuzi wa posta wa kulizuia ONE, jarida la watu wa jinsia moja lililotolewa Los Angeles. Hukumu nyingine kuhusu fasihi na uchafu zikafuata katika miaka ya 1960. Ajabu ni kwamba uhuru huo haukuziboresha riwaya za rafuni. Kampuni kama Midwood na Beacon zilizidisha ngono na kupunguza hadithi, na bei ikapanda. Gold Medal ikageukia mambo mengine.

Kizazi cha miaka ya 1970, kilichokulia katika harakati za wanawake na ghasia za Stonewall za Juni 1969, kiliziona riwaya hizo kuwa aibu: zilijaa pombe, machozi na wanawake waliojichukia. Kilikuwa na riwaya zake, kama vile Rubyfruit Jungle ya Rita Mae Brown ya 1973, ambayo mhusika wake haombi radhi kwa yeyote. Yamkini kizazi hicho kilikuwa na haki ya kuwa mkali. Lakini kilihukumu kurasa za mwisho tu, wakati wasomaji wa kwanza walikuwa wamesoma kitabu kizima.

Grier hakusahau. Alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni ya Naiad Press mwaka 1973, na miaka kadhaa baadaye akamsaka Bannon hadi akampata. Riwaya za Beebo zikachapishwa upya mwaka 1983, na mwandishi aliyekuwa akifundisha isimu akagundua kwamba alikuwa mashuhuri. Filamu ya hali halisi ya Canada, Forbidden Love, ya mwaka 1992, ilimhoji pamoja na wanawake waliozisoma riwaya hizo zilipokuwa mpya. Mchezo wa kuigiza, The Beebo Brinker Chronicles, uliwekwa jukwaani New York mwaka 2007.

Meaker ndiye aliyekawia kurudi. Aliandika vitabu vingi kwa majina mengi, vikiwamo vya vijana kwa jina la M.E. Kerr vilivyompa tuzo, na kumbukumbu za uhusiano wake wa miaka ya 1950 na Patricia Highsmith. Spring Fire ilikuwa kitabu asichotaka kionekane tena, kwa sababu ya ule mwisho. Alipokubali hatimaye, toleo jipya lilitoka mwaka 2004 likiwa na utangulizi wake mwenyewe, akieleza Carroll alimwambia nini na posta ilitaka nini. Meaker alifariki mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 95. Katika toleo hilo, Leda angali anarukwa na akili, na Mitch angali anasema kwamba hakuwahi kumpenda.